Uzi: Kabla hujaagiza kamba koche kwenye mgahawa wa bei kali, soma hapa

#1 MezaYaPembeni

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaokwenda kula vya baharini kwenye migahawa ya hali ya juu, Masaki, Mji Mkongwe, Nyali, Diani na kwingineko. Hatuponde mgahawa wala hatuupigii debe. Tunazungumzia namna ya kuagiza, maana bili inayomtoa mtu jasho huwa imeshajiandika zile dakika kumi za mwanzo, kabla jiko halijawashwa.

Kinachowaponza wengi ni bei ya uzito. Kamba koche (lobsta kwa wengine), kaa na samaki mzima mara nyingi hawana bei ya sahani. Menyu huandika bei ya gramu 100, au "bei ya soko" tu. Tuseme imeandikwa 8,000 kwa gramu 100. Jicho linasoma elfu nane, ulimi unaagiza. Kamba koche wa kawaida ana gramu 600 hadi 900. Wa gramu 800 ni 64,000, na hapo hujagusa wali, kinywaji wala kodi.

Kwa hiyo uliza matatu, kwa mpangilio huu:

1. Bei ni ya gramu 100, ya kilo, au ya mnyama mzima?
2. Uzito unapimwa akiwa mbichi au ameshapikwa? Karibu kila mahali ni mbichi na gamba lake. Hilo ni sawa, ila ulijue.
3. Naomba nimwone kwenye mzani. Mgahawa unaojiheshimu humleta kwenye sinia lenye barafu, mnakubaliana, weita anaandika uzito kwenye oda. Usione haya. Hata mezani kwa mawaziri sinia hupita.

Ukisikia "mpishi atakuchagulia mzuri", mjibu kwa adabu kwamba unataka wa kati ya gramu 500 na 600. Usipotaja kikomo, atakuja mkubwa kuliko wote.

#2 HesabuNdogo

Uzi mzuri mkuu. Naongezea upande wa nyama halisi, kwa sababu uzito wa mzani sio uzito wa tumbo.

Kamba koche wetu hana magando makubwa. Nyama yake karibu yote iko mkiani, na mkia ni kama theluthi moja ya uzito wote. Huyo wa gramu 800 atakupa nyama ya gramu 220 hadi 270. (Menyu ikiwa na picha ya lobsta mwenye magando mawili manene, hiyo picha imeazimwa. Yule ni wa bahari baridi za Marekani na Kanada, hapatikani kwetu.)

Kaa wa mikoko wa kilo moja: nyama gramu 250 hadi 300, na utaifanyia kazi. Kamba wenye vichwa, nusu kilo: ukishawamenya unabaki na gramu 250 hivi. Changu mzima wa gramu 800: cha kula ni kama gramu 350 hadi 400.

Gawanya bei kwa nyama, usiigawanye kwa uzito wa mzani. Ukifanya hivyo utaona kipande cha chewa au jodari, ambacho hakina cha kutupwa, mara nyingi ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye menyu. Kamba koche unamlipia jina.

#3 BintiShangani

#2 hapo mwisho umemwonea. Kamba koche aliyepikwa kwa kiasi, siagi, kitunguu saumu na ndimu, hana mbadala. Tatizo ni kwamba wengi wanaletewa aliyekwisha kuharibiwa na moto.

Ukitaka kujua jiko limefanya kazi yake: nyama iwe nyeupe kabisa isiyopitisha mwanga, ilowe maji kidogo ukiibonyeza, na iachie gamba kwa uma bila vita. Ikiwa inang'aa kama kioo katikati, bado mbichi, irudishwe. Ikiwa imeng'ang'ania gambani na inachanika nyuzinyuzi kavu, imepita. Hiyo ya pili hairekebishiki, mchuzi wowote watakaomwagia ni kuficha aibu.

Na kuna kasoro ya tatu ambayo haitokani na moto: nyama laini kama uji, inamomonyoka. Huyo alikufa muda mrefu kabla ya kupikwa au kugandishwa. Kwenye kichwa chake mna vimeng'enya vya kusagia chakula, akishakufa huvuja na kuanza kuusaga mkia wake mwenyewe. Mrudishe bila kubishana.

#4 JikoMoto

Mimi nasemea upande wa jikoni, kwa sababu mezani watu hulalamikia vitu bila kujua chanzo.

Kamba koche wa gramu 500 hadi 600 aliyepasuliwa katikati anahitaji dakika 5 hadi 7 juu ya mkaa gamba likiwa chini, halafu dakika 2 nyama ikiangalia moto. Kwisha. Ukiagiza "aive sana", umeagiza mpira. Samaki wa minofu ni kama dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Kamba ni dakika 2 hadi 3 tu: akijikunja nusu duara ameiva, akijikunja hadi mkia ukagusa shingo, amepita.

Ngisi ana milango miwili: dakika 2 kwenye moto mkali sana, au dakika 40 na zaidi kwenye mchuzi wa taratibu. Katikati ya hapo ni raba. Ngisi wa kukaanga akija mgumu, mafuta hayakuwa ya moto ama walimjaza mwingi kwa mpigo, mafuta yakapoa, akachemka badala ya kukaangika. Pweza yeye anataka dakika 45 hadi saa nzima ya kuchemka polepole kabla ya kuguswa na nazi au mkaa. Ukiagiza pweza na akafika baada ya dakika 10, usiogope, amechemshwa tangu asubuhi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Samaki wa kupaka: achomwe kwanza, ndipo apakwe tui zito lenye ukwaju, arudi motoni, apakwe tena. Tui likikatika, mafuta huku na chengachenga kule, lilichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa. Ladha haifi, lakini kwa bei ile huna sababu ya kulipokea.

Na muda: kaa mzima wa mchuzi ni dakika 35 hadi 50. Sahani iliyopikwa oda ikishafika ina haki ya kuchelewa. Mwenye haraka aagize kamba.

#5 MgeniKibaha

Wakuu, samahani kwa swali la kizamani. Nitajuaje kama samaki ni freshi nikiwa nimekaa mezani?

#6 NahodhaMstaafu

Mwanangu, usiulize kama ni freshi. Hakuna weita duniani atakayekujibu hapana. Muulize: "Leo asubuhi mmeletewa nini?" Anayejua atajibu papo hapo, kolekole, changu, nguru. Anayesema "vyote vipo" amefungua friza.

Halafu tazama majira. Kusi (upepo wa kutoka kusini) likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje inachafuka na vyombo vidogo vingi havitoki. Ukiona menyu ndefu ya samaki wa maji makuu siku ambayo upepo unang'oa makuti, jua wengi ni wa barafu. Wakati wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), bahari ikilala, ndipo nguru na jodari wanaingia vizuri. Masika nako, Machi hadi Mei, mito inashusha tope, na baadhi ya hoteli za Unguja hufunga kabisa kati ya Aprili na Mei. Piga simu kwanza.

Waliogandishwa sio haramu. Kamba aliyegandishwa vizuri chomboni anampita yule aliyekaa siku tatu kwenye barafu inayoyeyuka. Ubaya ni kulipishwa bei ya leo kwa kitu cha wiki iliyopita.

Sinia likiletwa: jicho liwe limejaa na angavu, lisiwe limezama, matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia, nyama ukiibonyeza irudi. Kamba mwenye weusi kichwani ameanza kuchoka. Anayeng'aa kupita kiasi na kudunda mdomoni kama mpira, mara nyingi amelowekwa dawa ya kumfanya anywe maji aongeze uzito.

#7 KijanaWaNyali

Wakenya tuongee kodi. Angalia mstari wa chini kabisa wa menyu, ule wa maandishi madogo. VAT ni 16%, ushuru wa utalii na upishi ni 2%, na sehemu nyingi huweka huduma 10%. Kama bei "hazijajumuisha", chakula cha 10,000 kinatoka karibu 12,800. Kama zimejumuishwa, ni zile zile. Uliza kabla ya kuagiza.

Huduma ikiwa imo ndani ya bili, bakshishi juu yake ni hiari yako. Kama haimo, 5% hadi 10% inatosha, na mpe mkononi.

#8 MezaYaPembeni

Tanzania Bara huku VAT ya kawaida ni 18%, kwa hiyo 100,000 isiyo na kodi ni 118,000. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na uoanishe gramu zilizoandikwa na zile mlizokubaliana kwenye sinia. Jambo jingine: tangu kanuni za 2025, bei za ndani ya nchi zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Ukipewa menyu ya dola, omba ya shilingi, usikubali kubadilishiwa kwa kiwango cha mwenye duka.

#9 UmmuSalha

Hamjagusa jambo ambalo wengi wetu linatuhusu: pombe ndani ya chakula. Samaki ni halali, mchuzi wake huenda usiwe.

Thermidor ni nyama ya kamba koche iliyorudishwa gambani na sosi ya krimu, haradali na jibini, na kwa desturi hutiwa brandi au divai. Supu nzito ya bisk, kawaida ina brandi. Kome na kombe wa kuchemshwa "kwa mtindo wa Kifaransa" ni divai nyeupe. Unga wa kukaangia samaki wakati mwingine hukorogwa na bia. Usikubali jibu la "pombe huyeyuka yote motoni", si kweli, sehemu hubaki, na hata ingekwisha suala la kuitia liko pale pale. Sema mapema: nataka isitiwe kabisa. Thermidor bila brandi inawezekana, bisk mara nyingi haiwezekani kwa sababu imepikwa sufuria zima tangu asubuhi.

Kaa naye ana mjadala wake kwa sisi Mashafii, wapo wanaomwacha kwa kuwa anaishi majini na nchi kavu. Ukialika wazee wa mji, usiagize sinia la mchanganyiko kabla hujawauliza. Kaa akishalala juu ya samaki, kuna watakaoacha sahani yote.

#10 HesabuNdogo

Hilo la sinia la mchanganyiko ni zito. Kibiashara pia lina mtego. Uliza lina nini kwa idadi: nusu kamba koche au mzima? Kamba wangapi, wa saizi gani? Saizi za kimataifa huhesabiwa kwa ratili moja, gramu 453. Ukiambiwa 16/20, ni kamba 16 hadi 20 kwa ratili, yaani kila mmoja ana gramu 23 hadi 28. U10 ni chini ya kumi, hao ndio majitu, kila mmoja zaidi ya gramu 45. Neno "jumbo" kwenye menyu halina kipimo, namba inacho.

Sinia likiwa limejazwa pete za ngisi na chipsi, unalipia vya bei rahisi kwa heshima ya kamba wawili.

#11 BintiShangani

Na vitu vya sinia haviivi kwa muda mmoja. Kamba dakika tatu, samaki kumi na tano. Jiko lisilo makini huweka vyote pamoja, kamba anakauka akimsubiri samaki.

#12 DaktariWaMtaa

Mawili ya afya, kwa ufupi.

Mzio wa kamba, kaa na kamba koche kwa kawaida huenda pamoja, kwa sababu protini yao inafanana. Mwenye mzio asiseme tu "sili kamba". Aulize mafuta ya kukaangia chipsi kama ndiyo ya kamba, na supu ya msingi ya mchuzi kama imechemshwa na maganda. Midomo ikivimba au pumzi ikibana ni hospitali mara moja, sio maziwa.

La pili linachanganywa na mzio: jodari, nguru na jamii yao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini nyingi kwenye nyama. Ukimla, ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na samaki anaweza kuwa hana harufu yoyote. Dalili ya mezani ni moja: ulimi kuwasha kama pilipili kwenye samaki ambaye hakutiwa pilipili. Acha hapo hapo, mwite meneja, na wenzako nao waache.

Chaza wabichi: waagize kiangazi, sehemu yenye wateja wengi wa chaza. Chaza huchuja maji anamoishi, na baada ya mvua kubwa maji hayo yamebeba kila kilichooshwa na mji. Akifunguliwa awe na maji yake ndani na harufu ya bahari tu. Wajawazito, wenye ugonjwa wa ini na kinga dhaifu wale waliopikwa.

#13 MgeniKibaha

Shukrani sana. Sasa nampeleka mke wangu Unguja, nataka ule mgahawa ulio juu ya jiwe, The Rock. Nimepanga meza ya magharibi tuone jua likizama baharini.

#14 NahodhaMstaafu

Ngoja kwanza, mwanangu! The Rock uko Michamvi Pingwe, pwani ya mashariki. Hapo jua linachomoza baharini, linazama nyuma yako kwenye minazi. Unayetaka machweo ya baharini nenda Mji Mkongwe, au Michamvi Kae upande wa pili wa rasi ile ile. Dar ni hivyo hivyo: ufukwe wa Coco unatazama mashariki, Slipway ya Msasani (penye maduka na migahawa) inatazama magharibi. Mombasa, mgahawa wa Tamarind pale Nyali unaangalia ng'ambo Mji wa Kale, jua linashukia huko. Diani yote ni mashariki. Pwani yetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, kwa hiyo mezani uwe umefika saa kumi na moja unusu.

The Rock weka nafasi mapema, ni mdogo. Panga kwa maji, usipange kwa saa tu. Siku za bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana), mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja hujaa karibu saa kumi (alfajiri na jioni) na hupwa karibu saa nne (asubuhi na usiku). Juma moja baadaye, maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), saa zinageuka. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Chakula cha saa saba mchana siku ya bamvu: unakwenda maji yakiwa yanapanda, unarudi kwa mashua yao. Viatu vya kulowa, visivyoteleza. Mawe ni makali na kuna miiba. Visigino virefu mwache mama avitie mkobani.

#15 KijanaWaNyali

Kuna aliyewahi kueleza namna ya kumla kaa bila kurusha vipande meza ya jirani?

#16 JikoMoto

Kaa ana hatua zake.

Ng'oa magando kwa kuyazungusha kwenye kiungo cha mwilini, usivute. Koleo libane karibu na kiungo, pale gamba ni jembamba. Ukibana katikati ya tumbo la gando, gamba linapasuka vipande na nyama inajaa vigae. Bana kidogo, zungusha, bana tena, na ufunike kwa kitambaa, ndiyo siri ya kutorusha.

Geuza mwili. Kile kibati cha tumboni kikiwa chembamba cha pembetatu ni dume, kikiwa kipana cha duara ni jike. Kifungue, ingiza dole gumba, nyanyua gamba la mgongo. Toa matamvua yale ya kijivu kama vidole, hayaliwi. Yale manjano ya kahawia ni ini lake, yana ladha kali nzuri, lakini onja tu, sumu za majini hujikusanya humo. Vunja mwili vipande viwili, nyama imejificha kwenye vyumba vyumba karibu na mizizi ya miguu, ichokoe kwa mpini wa kijiko chembamba. Hapo ndipo kuna nyama tamu, na ndipo wengi wanapotupa.

Ukionyeshwa kaa akiwa hai, mbonyeze chini ya mwili karibu na mguu wa nyuma. Akibonyea, ametoka kujivua gamba karibuni, ndani ni maji. Chagua mzito kwa umbo lake. Bakuli la maji lenye kipande cha limau ni la kunawa vidole, sio supu.

#17 UmmuSalha

Tuko sita wikiendi hii, wazee wawili, hakuna kaa. Nisaidieni kupanga.

#18 HesabuNdogo

Samaki mzima mmoja wa kilo 2 hadi 2.5, chewa au kolekole, wa kupaka, mtangulize kwenye simu siku moja kabla ili wamtafute. Kamba wenye vichwa kilo moja wa kuchoma, wawekwe sahani yao. Pweza wa nazi sahani mbili, wazee watampenda kwa ulaini. Kamba koche mmoja wa gramu 700 wa kuonja, apasuliwe vipande sita jikoni, sio mezani. Mboga mbili, kachumbari, ukwaju jagi mbili.

Wali sahani tatu zinatosha. Na ule mkate wa moto wenye siagi unaoletwa bure mwanzoni, uweke mbali na vijana mpaka samaki afike.